Jinsi ya kuingiza Six Sigma kwenye kampuni hatua kwa hatua, bila kuanza na mikanda

Kampuni nyingi zikiamua kuingia kwenye Six Sigma, yaani njia ya kupunguza makosa ya kazi kwa kutumia takwimu, kitu cha kwanza wanachofanya ni kutafuta mtu wa kuja kutoa mafunzo, watu wanakaa darasani wiki nzima, wanapewa vyeti, picha zinapigwa, halafu kila mtu anarudi kwenye meza yake na kazi inaendelea vilevile. Mwaka ukiisha bosi anauliza tumepata nini, hakuna mwenye jibu, na kuanzia siku hiyo ukitaja hilo jina watu wanaguna. Njia yenyewe haina shida, shida ni mpangilio. Tatizo linatangulia, mkanda (ndivyo wanavyoziita ngazi za mafunzo yake) unafuata.

Huu mwongozo ni wa mtu aliyekabidhiwa hiyo kazi, au kajikabidhi mwenyewe, na anataka kujua aanzie wapi. Kama mko kiwandani, kwenye huduma, kwenye usafirishaji au ofisini na makaratasi sawa tu. Kazi ikiwa inajirudia na kuna mteja anayeipokea, basi inaingia humu.

Kwanza tuelewane hiki kitu ni nini

Six Sigma ilizaliwa Motorola huko Marekani mwaka 1986, injinia wao Bill Smith ndiye anayetajwa kama mwanzilishi, na mwaka 1988 Motorola wakawa kati ya washindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige. Jina lilivuma zaidi Jack Welch, bosi wa General Electric wakati huo, alipoiingiza kwenye kampuni yake kuanzia 1995. Ila mizizi ni ya zamani, mtakwimu Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya udhibiti (mchoro wa kukuonyesha kazi ikitoka nje ya mtikisiko wake wa kawaida) mwaka 1924, na mwaka 1950 mtakwimu mwenzake W. Edwards Deming alikuwa Japani anawafundisha wakubwa wa viwanda mambo hayohayo ya kuongoza kazi kwa takwimu. Kwa hiyo mtu akikuuzia hii kama uvumbuzi mpya, mwache aongee.

Sigma yenyewe ni herufi ya Kigiriki inayotumika kwenye takwimu kupima mtawanyiko, yaani namba zako zinatawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Na hapo ndipo roho ya hii kazi ilipo. Chukua timu mbili zinazopeleka mizigo, zote wastani wao ni siku 3. Ya kwanza inapeleka ndani ya siku 2 mpaka 4, ya pili kuna mzigo unafika kesho yake na mwingine unafika siku ya 9. Kwenye ripoti ya mwezi zinafanana kabisa, kwa mteja hazifanani hata kidogo, manake mteja hapokei wastani, anapokea mzigo wake.

Ukifika sigma 6, kwa hesabu yao, unabaki na kasoro 3.4 kwenye kila nafasi milioni moja za kukosea. Sigma 3 ni kasoro 66,807, sigma 4 ni 6,210, sigma 5 ni 233. (Ukienda kwenye jedwali la kawaida la takwimu namba hazitalingana, kwa sababu humo ndani wameacha nafasi ya sigma 1.5 wakichukulia kwamba mchakato unasogea kadiri muda unavyoenda. Watu wamebishana sana kuhusu hiyo 1.5, wewe usipoteze muda hapo.) Wala huhitaji kufika 6. Mchakato ulioko 3 ukiufikisha 4 umeshapunguza kasoro zaidi ya mara kumi, na hiyo tayari ni kazi kubwa.

Safari nzima ina vituo vitano: fafanua, pima, chambua, boresha, dhibiti. Wenyewe wanaviita DMAIC, herufi za mwanzo za majina yake ya Kiingereza (Define, Measure, Analyze, Improve, Control). Kituo cha pili na cha tano ndivyo vinavyochosha, na ndivyo watu wanavyoruka. Miradi mingi inakufia hapohapo, kwa hiyo hapa nitakaa zaidi kwenye hivyo viwili.

Hatua ya 1: pata mkubwa mmoja wa kukubeba

Siyo kamati, mtu. Meneja mwenye mamlaka juu ya ile sehemu unayotaka kugusa. Huyu anaitwa mdhamini wa mradi na kazi yake siyo kujua takwimu, kazi yake ni kukufungulia milango. Kabla hujaanza muombe mambo matatu na ayaseme mbele ya watu: muda wa watu wa timu (hata saa chache kwa wiki, ila ziwe zao kweli), ruhusa ya kuona data, na ahadi kwamba hakuna atakayeadhibiwa au kupoteza kazi kwa sababu ya namba zitakazotoka.

Hilo la tatu wengi wanaliona la kujipamba lakini ndilo linalobeba mengine yote. Deming kwenye pointi zake 14 za usimamizi aliweka kuondoa hofu, na alikuwa anajua anachosema. Mfanyakazi akihisi makosa anayoyaandika leo yatarudi kwenye tathmini yake kesho, hataandika, au ataandika kwa namna ya kumpendeza bosi, na wewe utakuwa unachambua uongo kwa kutumia fomula sahihi.

Hatua ya 2: chagua tatizo moja, liwe dogo

Mradi wa kwanza unatafuta ushindi unaoonekana ndani ya miezi mitatu hadi sita. Tatizo zuri linaumiza mteja au linakula hela, linatokea mara nyingi kiasi cha kuhesabika, liko ndani ya uwezo wa mdhamini wako, na chanzo chake hakijulikani. Hiyo ya mwisho msiisahau. Kama kila mtu anajua kabisa nini kimeharibika na dawa yake ni ipi, nendeni mkakitengeneze, msimpotezee mtu muda na chati.

Kuna mtego mmoja unanasa karibu kila timu: suluhisho lililovaa nguo za tatizo. "Tatizo letu hatuna mfumo mpya wa kompyuta." Hapana, hilo ni suluhisho ambalo mtu ameshaliamua moyoni mwake. Muulize mfumo mpya ungeondoa nini, atakachojibu ndicho tatizo.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Tuseme kampuni inatoa invoisi 4,000 kwa mwezi na wateja wanazirudisha kwa makosa, malipo yanachelewa. Kuandika "invoisi zetu zina shida sana, tunahitaji kuboresha umakini" hakusaidii mtu. Andika hivi: "Kwa miezi mitatu iliyopita sehemu ya invoisi zetu zimerudishwa na wateja kwa makosa ya taarifa, jambo linalochelewesha malipo na kulazimisha kazi irudiwe, tunataka kupunguza makosa hayo kwa nusu ndani ya miezi minne." Hakuna lawama humo, hakuna chanzo, hakuna dawa. Kuna nini kinatokea, wapi, tangu lini, kinaumiza vipi, na tunataka kufika wapi.

Hatua ya 3: timu, na habari ya mikanda

Watu wanne mpaka sita wanatosha. Lazima awemo anayefanya hiyo kazi kwa mikono yake kila siku, siyo msimamizi wake tu. Awemo na mtu wa fedha, hata kama anakuja mara moja moja, sababu utaiona mwishoni.

Mikanda imeazimwa kwenye karate. Njano ni mwenye uelewa wa msingi, kijani anaongoza mradi huku akiendelea na kazi yake ya kawaida, mweusi anafanya hii kazi muda wote na kuwasaidia wa kijani, na juu yake kuna mkufunzi wa hao weusi. Kwa kuanzia unahitaji mmoja tu anayejua zana vizuri, awe wa ndani au wa kuazima. Wengine wafundishwe kile wanachokihitaji wiki hiyo, kwenye data zao wenyewe. Mtu akijifunza chati kwa mfano wa kitabuni anasahau, akijifunza kwa invoisi alizoandika mwenyewe hasahau.

Hatua ya 4: fafanua

Karatasi moja inatosha: tatizo, lengo, mipaka, timu, mdhamini, ratiba. Mipaka iandikwe wazi, mradi unaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa mfano wetu unaanzia oda inapothibitishwa na unaishia mteja anapoipokea invoisi. Kukusanya madeni hakumo. Usipoandika hivyo, baada ya wiki tatu mtu atakuja na "na hili nalo tuliingize humo" na mradi utavimba mpaka upasuke.

Chora ramani fupi ya mchakato, nani analeta nini, kinafanyiwa nini, kinatoka nini, kinaenda kwa nani. Hatua tano hadi saba basi. Halafu nenda kaongee na mteja, siyo kumkisia. Akikwambia "invoisi zenu zinasumbua" mchimbe mpaka upate kitu kinachopimika: namba ya oda haipo, bei siyo tuliyokubaliana. Hapo ndipo utajua kasoro ni nini kwa macho yake. Kuna timu zinahangaika na muonekano wa invoisi wakati mteja shida yake ni namba ya oda tu.

Hatua ya 5: pima (hapa kaa sana)

Anza na maana. Kasoro ni nini? Inaonekana swali la kitoto, ila waulize watu watatu wa idara moja kama jina la mteja lililokosewa herufi moja ni kasoro au siyo kasoro, usikie majibu. Muda wa kushughulikia unaanza kuhesabiwa oda ikiingia au ikifunguliwa? Andikeni maana moja kwa maneno ambayo mgeni aliyeingia kazini leo akiyasoma atahesabu sawa na mkongwe.

Ukimaliza hapo usikimbilie data bado. Kipime kwanza kipimo chenyewe. Hakuna anayeanza kuuza kwa mizani ambayo hajui kama iko sawa, lakini kampuni zinafanya maamuzi makubwa kila mwezi kwa namba ambazo hakuna aliyewahi kuzikagua.

Inafanyika hivi. Chukua invoisi 30, kama nusu ziwe na makosa unayoyajua wewe, nusu ziwe safi. Wape wakaguzi watatu, kila mmoja peke yake, aseme hii ina kasoro, hii haina. Subiri siku chache, zichanganye mpangilio, wape tena zilezile bila kuwaambia ni zilezile. Sasa linganisha vitu vitatu: kila mtu anakubaliana na nafsi yake? Wanakubaliana wenyewe kwa wenyewe? Wanakubaliana na ukweli? Ikiwa makubaliano hayafiki kama asilimia 90, simama. Usikusanye chochote. Rudi kwenye maana ya kasoro, wekeni mifano ya picha, rudieni jaribio. Mara nyingi utakuta mkaguzi mmoja ana sheria yake aliyofundishwa na mtu aliyeshaondoka kampuni zamani.

Kama mnapima kwa kifaa, urefu, uzito, joto, kanuni ni ileile, kawaida watu watatu wanapima vipande 10 mara mbili au tatu kila kimoja, halafu unahesabu ni kiasi gani cha mtawanyiko kinatokana na upimaji wenyewe. Chini ya asilimia 10 ni vizuri, kati ya 10 na 30 inategemea na kazi, ikipita 30 hicho kipimo hakifai, na kulaumu mashine kabla hujatengeneza kipimo ni kumuonea fundi.

Data za kwenye mfumo nazo usiziamini kwa sababu zimetoka kwenye kompyuta. Ule muda wa "imekamilika" ni muda kazi ilipoisha, au ni muda mtu alipokumbuka kubonyeza? Kuna ofisi watu wanafunga kazi zote kwa mkupuo saa kumi na moja kabla ya kuondoka, na mfumo unaonyesha saa kumi na moja ndiyo saa ya uchapakazi. Nenda kakae pembeni ya anayefanya, angalia anavyojaza, uone ni sehemu gani anaandika kitu ili mradi tu fomu imruhusu kupita.

Sasa hesabu hali ya kuanzia. Kila invoisi tuseme ina nafasi 5 za kukosea: jina, bei, idadi, kodi, namba ya oda. Invoisi 4,000 mara 5 ni nafasi 20,000. Mmekuta makosa 260. Gawanya 260 kwa 20,000 unapata 0.013, zidisha kwa milioni unapata 13,000, yaani kasoro 13,000 kwa kila nafasi milioni. Hiyo ni karibu sigma 3.7. Angalizo: usiongeze nafasi za kukosea ili sigma ipendeze. Nimeona fomu ya ukurasa mmoja ikipewa nafasi 40 za kukosea, bila shaka ikatoka namba nzuri sana, na wateja wakaendelea kulalamika vilevile. Kosa ambalo mteja hajali na ambalo halijawahi kutokea siyo nafasi.

Hesabu nyingine ndogo inayoamsha watu kwenye kikao: kazi ikipita kwenye hatua 10 na kila hatua inafanya vizuri kwa asilimia 99, zinazopita zote kumi bila kurekebishwa popote ni kama asilimia 90. Kila idara inajisifu 99, halafu kazi moja kati ya kumi inaguswa upya mahali fulani na hakuna anayeiandika kwa sababu "tulirekebisha hapohapo". Huko kurekebisha kimyakimya ndiko hela zinakolala.

Hatua ya 6: chambua

Gawa makosa kwa aina na uyapange kutoka kubwa kwenda dogo, ile chati ya Pareto. Kwenye yale 260: namba ya oda 118, bei 79, idadi 31, kodi 20, jina 12. Mawili ya kwanza ni 197, karibu asilimia 76. Basi mengine yawekeni pembeni kwanza, najua kuna mtu kwenye timu atataka kuanza na kodi kwa sababu ndiyo inayomkera yeye, mwambieni asubiri.

Kisha kata data vipande kwa kila upande: kwa siku, kwa mtu, kwa aina ya mteja, kwa tawi. Tuseme makosa ya bei hayaonyeshi tofauti yoyote kati ya mtu na mtu, lakini ukiyapanga kwa tarehe yanajazana wiki ya kwanza ya mwezi. Hapo tu umeshajua jambo kubwa, siyo uzembe wa mtu, ni kitu kinachotokea kwenye tarehe. Sasa uliza kwa nini, na uendelee kuuliza. Kwa nini wiki ya kwanza? Orodha ya bei inabadilika tarehe moja. Kwa nini ikibadilika wanakosea? Wanatumia ya zamani. Kwa nini wanayo ya zamani? Mauzo wanatuma faili kwa imeli na kila mtu anahifadhi kopi yake kwenye kompyuta yake. Kwa nini hawachukui sehemu moja? Hakuna hiyo sehemu moja, wala hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuitunza.

Hadithi nzuri. Ila bado ni hadithi. Timu nyingi zinaishia hapa, wanachora ukutani ule mchoro wa mfupa wa samaki, wa kupanga vyanzo vinavyodhaniwa, wanapiga kura chanzo ni kipi, wanaondoka. Chanzo hakipigiwi kura. Rudi kwenye zile invoisi 79 zenye makosa ya bei, fungua moja moja, linganisha bei iliyoandikwa na orodha ya mwezi uliopita. Mkikuta 61 zina bei ya mwezi uliopita, hapo mna ushahidi wa kumpelekea bosi yeyote. Mkikuta 9, hadithi yenu ilikuwa tamu lakini siyo yenyewe, tafuteni nyingine.

Kwenye namba ya oda fanyeni hivyohivyo. Tuseme mnakuta nyingi zimeandikwa sifuri nne, kwa sababu mfumo haukubali kuacha wazi na mwandishi hana namba, mteja aliagiza kwa simu na hakuna aliyemuuliza. Ule ulinzi wa "lazima ujaze" ndio uliozaa uongo.

Vifaa? Excel inatosha kwa karibu yote haya. Ukianza kufanya vipimo vizito vya takwimu kuna programu kama Minitab, na R ni ya bure kwa anayeweza kuandika msimbo wa kompyuta. Msinunue kitu mradi wa kwanza.

Hatua ya 7: boresha

Mkiulizwa dawa, ya kwanza kutajwa itakuwa semina, na ya pili mabango ya ukutani. Zote ni dhaifu, mtu aliyechoka Ijumaa jioni hakumbuki bango. Dawa yenye nguvu ni ile inayofanya kosa lishindikane: mfumo unavuta bei yenyewe kutoka sehemu moja, oda haithibitishwi bila namba kutoka kwa mteja, sifuri nne hazikubaliki. Ikishindikana kuzuia kosa, basi lionekane palepale linapotokea. Ya mwisho kabisa ndiyo kumkumbusha mtu awe makini.

Halafu jaribu sehemu ndogo. Timu moja itumie utaratibu mpya wiki nne, nyingine iendelee na wa zamani, kwa kipindi kilekile, ili msije mkasifia mabadiliko kumbe ni msimu tu. Tuseme timu ya majaribio kwenye invoisi 500 imekuwa na 9 zenye kosa, na nyingine kwenye 500 ina 31. Ukifanya kipimo cha kulinganisha uwiano, uwezekano wa kupata tofauti kubwa namna hiyo kwa bahati tu uko chini ya 0.001, endeleeni. Lakini ingekuwa 25 dhidi ya 31, unakuja kama 0.4, yaani hiyo tofauti inaweza kabisa kuwa upepo tu, na hapo msipike keki. Watu wengi wanatangaza ushindi kwenye 25 dhidi ya 31, halafu miezi miwili baadaye wanashangaa kosa "limerudi", wakati halikuwahi kuondoka.

Kabla ya kusambaza kampuni nzima kaeni na wanaofanya kazi muulizane hiki kitu kipya kinaweza kuharibika vipi. Mtandao ukikatika? Mteja asiye na namba ya oda kabisa? Wao wanajua vichochoro vyote, na wakiulizwa mapema wanasaidia kuviziba. Wakiambiwa siku ya mwisho wanavitumia.

Hatua ya 8: dhibiti

Hapa ndipo timu inavunjwa, kila mtu anapongezwa, na baada ya robo mwaka mambo yanarudi yalikokuwa. Mnahitaji vitu vitatu: utaratibu mpya ulioandikwa kwa kifupi, mtu mmoja mwenye jina anayeumiliki (awe wa idara husika, siyo wa timu ya mradi), na chati ya udhibiti inayoangaliwa kila siku au kila wiki.

Chati inasaidia kujua lini ushtuke na lini utulie. Tuone na namba zetu. Baada ya maboresho kiwango ni asilimia 1.8, na kwa siku mnatoa kama invoisi 200, kwa hiyo wastani ni 3.6 zenye kosa kwa siku. Mpaka wa juu unapatikana kwa kuchukua 0.018, kuongeza mara tatu ya kipeuo cha pili cha (0.018 mara 0.982 gawanya kwa 200). Inatoka kama asilimia 4.6, yaani invoisi 9 kwa siku. Mpaka wa chini unaangukia chini ya sifuri kwa hiyo ni sifuri.

Maana yake nini? Jumatatu zikiwa 2 na Jumanne zikawa 8, hakuna kilichotokea. Ndiyo, zimekuwa mara nne, na bosi atataka kuita kikao, lakini 8 iko ndani ya mtikisiko wa kawaida wa huo mchakato, na ukimfokea mtu kwa hiyo 8 unamfundisha kuficha. Zikifika 10, hapo kuna kitu, nenda kaulize siku hiyohiyo kabla kumbukumbu haijapoa. Ishara nyingine ni nukta nane mfululizo upande mmoja wa wastani, hata kama zote ziko ndani ya mipaka, mchakato umesogea. Ukisogea upande mzuri ulizeni vilevile, kuna mtu amegundua kitu.

Karatasi ya maelekezo iandike na nini kifanyike nukta ikitoka: nani anaitwa, anaangalia nini kwanza, kazi inasimama au inaendelea. Na mipaka msiihesabu upya kila mwezi ili kuifuata data, mnahesabu upya pale tu mchakato umebadilishwa kweli na mnajua nini kimebadilika.

Hatua ya 9: hela, na mradi wa pili

Sasa yule mtu wa fedha. Faida ya mradi ahesabu yeye, siyo nyinyi, kwa utaratibu mliokubaliana mwanzoni. Kuna faida inayoonekana kwenye vitabu, kama malipo kuingia mapema, na kuna ile ya muda uliookolewa ambayo siyo hela mpaka huo muda utumike kwa kazi nyingine. Mkizichanganya, meneja wa fedha atagundua, na akigundua hataamini namba yenu nyingine. Hakikini tena baada ya miezi sita.

Mradi wa pili chagueni idara nyingine, na wa tatu nyingine, mpaka muwe na watu kadhaa waliomaliza mradi kweli. Hapo sasa ndiyo mnaongelea mafunzo rasmi na mkanda mweusi wa kudumu. Utasikia makadirio kama mweusi mmoja kwa kila wafanyakazi 100, chukueni kama makadirio tu, kampuni ndogo inaweza kwenda mbali na wa kijani wawili watatu wenye muda.

Kuhusu nani apelekwe kozi kwanza, msiangalie vyeo. Kwenye mradi wa kwanza kuna mtu alikuwa anabisha kila kikao, "hizo data siyo za kweli, nyie hamjui inavyofanyika", halafu mkaenda kuangalia mkakuta kasema kweli. Anza na huyo.